Kofia Juu Kwenye Mlango wa Ondo

Gonji mzamiaji alikuwa na miguu myepesi, lakini pikipiki aina ya Rikuo haichoki.

Isozaki Tamae aliilaza kwenye kona ya soko la samaki la Kure, akapenya baina ya mikokoteni miwili ya barafu, akasikia ndoo ikigongwa na kuviringika nyuma yake. Muuza pweza alimtukana. Alikuwa na haki ya kutukana. Tamae hakuwa na muda wa kuomba radhi.

Mbele yake Gonji alikuwa akitimua mbio miguu peku, nywele bado zinachuruzika maji ya bahari.

Kulipokucha mtu huyo alikuwa chini ya maji ya mlango wa bahari wa Ondo. Novemba, baridi ya kukata masikio, mtu mzima anazamia. Alikuwa anatafuta nini huko? Swali hilo ndilo lililomtoa Tamae nyumbani kabla hajaonja hata chai.

Gonji alizikimbilia ngazi za mlimani. Alijua alichokuwa akifanya. Kure ni mji wa ngazi, nyumba zimepandana mpaka juu, na pikipiki haipandi ngazi.

Ya Tamae ilipanda.

Ilipanda ikirukaruka na kumgonganisha meno, mpaka gurudumu la mbele likamgusa Gonji kisigino. Jamaa akaruka upande, akajitumbukiza kwenye kamba ya nepi zilizoanikwa, akaanguka nazo zote. Alipofumbua macho, bastola ndogo ya Browning ilikuwa ikimtazama.

"Umeweka nini baharini?" Tamae aliuliza.

"Mtego wa kaa, dada."

"Kaa siku hizi wanategwa kwa waya wa umeme?"

Gonji alijaribu kuinuka. Nepi moja ilikuwa imemfunika sikio. Mlangoni alitokea bibi mmoja mwenye ufagio, akaziangalia nguo za mjukuu wake zilivyogaragara mavumbini, akaushika ufagio vizuri zaidi.

"Ama unijibu mimi," Tamae alisema, "ama nimwachie bibi akuulize yeye."

Gonji aliitazama Browning, akautazama ufagio, akaamua kusema.

Ni bomu la baharini, alisema. La zamani, moja kati ya yale yaliyolinda bandari wakati wa vita. Limelala chini ya mlango wa Ondo, pale panapobana, ambapo meli hupita karibu na ukuta wa pwani hadi unaweza kumsalimia baharia kwa jina. Halilipuki kwa kuguswa. Waya wake umepitishwa chini ya mawe mpaka ukutani, ambako aliyemtuma atauvuta mwenyewe mpaka atakapoketi, na mwisho wa waya kuna kisanduku.

"Kisanduku cha namna gani?"

"Saizi ya sanduku la chakula cha mchana. Juu yake kuna ufunguo. Unazungushwa kwa mkono wa kulia, kwa nguvu, maana umeshika kutu. Mtu ataketi ukutani na wengine wanaoaga meli, ataungoja mwili wa meli ufike juu ya bomu, atazungusha. Basi."

"Mtu gani?"

"Shakwe."

"Kila mtu ananitajia Shakwe. Hana uso huyo Shakwe?"

"Sijauona, dada. Huja gizani, kitambaa mdomoni. Ila naapa, yule ni ofisa wa manowari. Mimi nimetumikia manowari, hao nawajua. Aliponiamuru nizame, miguu yangu ilitii kabla sijaelewa."

"Wa kikosi gani?"

"Aliwahi kuteleza ulimi. Kikosi cha Pili."

Tamae aliisogeza Browning karibu zaidi.

"Na meli gani inayosubiriwa?"

Gonji aliinamisha kichwa. "Inayoondoka leo. Chidori."

*

Tamae alimwacha Gonji amefungwa kwa kamba ya nepi, bibi akimlinda kwa ufagio. Kwenye duka la sigara chini ya ngazi kulikuwa na simu. Tamae alinunua pakiti ya Peace asiyoihitaji, akamgeuzia mwenye duka mgongo, akaomba namba ambayo haimo katika kitabu chochote cha simu.

"Mikuriya," sauti ilijibu. Mikuriya alikuwa mkuu wake, bwana wa ofisi isiyo na kibao mlangoni.

Tamae alimweleza kwa maneno machache. Upande wa pili kiberiti kikawashwa.

"Sasa naelewa," Mikuriya alisema. "Chidori inakwenda kufagia mabomu nyuma ya kisiwa cha Kurahashi. Ghala la Shakwe liko hukohuko, chini ya maji."

Ghala hilo ofisi ililifuatilia mwaka mzima. Vita vilipokwisha, ofisa mmoja wa silaha wa Kikosi cha Pili alizamisha tishali zima lililojaa mabomu ya baharini na topido, kisha akapotea. Ikasemwa amekufa. Tangu hapo silaha zikawa zinaibuka moja moja na kuuzwa kwa wageni, zikaenda kuua mabaharia katika bahari za watu wengine. Chidori ikifagia kule italiona tishali. Kwa hiyo Chidori ilipaswa kufa mapema, na kufa kwake kuonekane bahati mbaya tu. Bomu la zamani, watu wangesema. Yamejaa.

"Nikiizuia meli," Mikuriya aliendelea, "Shakwe atajua, na hatumpati tena. Kuna meli ya kigeni imetia nanga nje ya Kurahashi tangu jana, inangoja mzigo. Na bomu litabaki pale mlangoni, kivuko cha watoto wa shule kinapita juu yake kutwa."

"Mkuu, mdogo wangu yumo ndani ya Chidori. Susumu. Yuko chumba cha injini."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza. Niizuie?"

Susumu ndiye peke yake aliyebakia wa kiume kwao. Mama alikuwa ameshazika mtu mmoja bila mwili. Na mzee huyu, badala ya kuamuru, anauliza.

"Ikishaingia mlangoni inaweza kusimama?"

"Haiwezi. Mkondo wa Ondo unaujua mwenyewe. Ikipita rasi, imekwenda."

"Basi nipe mpaka rasini. Nikiwa sijampata, izuie."

"Na ukimpata halafu usimfikie?"

Tamae alikata simu.

*

Huko Ondo, ukingoni mwa ule mlango mwembamba, watu walikuwa wamejaa kana kwamba ni sikukuu. Wake wa mabaharia na watoto mgongoni. Wazee wa manowari za zamani kwenye benchi lao, medali vifuani, pua nyekundu kwa baridi. Na karibu kila aliyeketi ukutani alikuwa na sanduku la chakula mapajani, limefungwa kwa kitambaa.

Tamae alianza kuyahesabu, akaacha. Masanduku mia na kitu.

Kuyafungua moja moja? Angefungua la kwanza, na Shakwe angezungusha ufunguo kwenye la mwisho, wakati kile kivuko cha makasia kiko katikati ya maji na wanafunzi wake. Kuleta askari? Angewaona kutoka mbali.

Alikuwa amevaa kimono cha kahawia cha mama wa nyumbani, kapu mkononi, vitunguu vya majani vikichungulia nje. Chini ya vitunguu kulikuwa na redio ya mkononi ya Motorola, nzito kama tofali, na chini ya redio Browning. Juu ya kilima, ndani ya gari la kijivu la Toyopet, Odajima mwenzake alikuwa akipokeza mawasiliano. Odajima alikuwa hodari wa redio mwenye tumbo lisiloshiba, na majina ya siri ya siku hiyo ndiye aliyeyachagua.

"Figili, Figili, hapa Kilima," redio ilinong'ona kutoka kwenye vitunguu. "Unaonaje?"

"Naona masanduku ya chakula."

"Usinitajie chakula, dada. Hapa nina embe la mbao tu, pambo la kwenye dashibodi."

"Odajima."

"Naam. Chidori imeng'oa nanga. Inakuja polepole."

Tamae alianza kutembea ukutani, akiinama hapa na pale kusalimia. Aliwajua wengi wao, alizaliwa hapo. Kulikuwa na mwanamume asiyemjua, mwenye koti la mvua na kamera ya Canon, ambaye hakukaa mahali pamoja. Akamsogelea, akamgonga na kapu kama kwa bahati mbaya, mkono wake ukapita mifukoni mwake na kutoka. Kitambulisho cha gazeti, chungwa, na picha ya mtoto. Si yeye.

"Tamae. Njoo ukae, utapata mafua."

Alikuwa Mjomba Numata, mchuuzi wa chaza, amejikunyata kwenye ncha ya ukuta kwa koti lake la pamba na kofia yake ya sufi. Kando yake lilikuwepo tenga la chaza, mapajani sanduku lake la chakula. Alimega kiazi kitamu cha kuchoma, akampa kipande kinachofuka moshi.

Numata alifika Ondo kipupwe cha kwanza baada ya vita. Mtu wa milima ya Shinano, alivyosema mwenyewe, na bahari ilimchafua roho kwa kuitazama tu. Hakuwahi kuvuka mlango ule hata kwa kivuko. Watoto walimwita Mjomba wa Mlimani, na yeye alicheka nao. Lakini miaka ile ya njaa, watu walipokuwa wakichemsha majani, Numata ndiye aliyemgongea mama yake Tamae mlango na tenga la chaza. Kila kipupwe, mpaka leo. Hakutaka hata shukrani.

"Leo umeshuka kuangalia meli, mjomba?" Tamae alimtania. "Hutapiki?"

"Nafumba macho. Nimekuja kumuaga Susumu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Anasema kifua kinambana anapoiona meli."

"Mwache akae nyumbani. Meli hazina jema."

"Mjomba, umemwona mgeni yeyote hapa? Mtu usiyemjua?"

Numata alitafakari kwa makini. "Yule wa kamera. Simpendi anavyozungukazunguka."

Tamae alishukuru, akaendelea. Kiazi alikitia kapuni.

*

Kikosi cha Pili. Jina lile lilikataa kumtoka kichwani.

Kwao lilikuwa jina la nyumbani. Babu yake alitia makaa kwenye matanuri ya manowari zake mwaka 1904, vita vya Warusi, wakati adui alipokuwa akiwapotea ukunguni mara kwa mara mpaka watu wa Tokyo wakaipopoa mawe nyumba ya amirali wao. Agosti wakampata. Wakaizamisha manowari ya Kirusi, na walewale waliotukanwa nchi nzima wakashusha mashua kuwaopoa Warusi majini. Babu aliipenda sehemu hiyo kuliko ushindi wenyewe. Mwaka 1914 baba yake, kijana wa miaka kumi na saba, alikaa na Kikosi cha Pili nje ya Tsingtao wakiwabana Wajerumani. Baadaye ikaja China, ikaja Pasifiki yote, Midway, Leyte, na kila mara walirudi pungufu. Aprili 1945 kikatoka mara ya mwisho kuelekea Okinawa, watu husema kwa mafuta ya kwenda tu. Baba alikwenda nacho. Mama akazika kucha na nywele alizoziacha nyumbani.

Sasa mtu wa kikosi kilekile, aliyekula nao chungu kimoja, ameketi hapa anangoja kumuua Susumu. Tamae alikuwa na hasira ya kuweza kuuma mawe. Aliiweka kando. Hasira haioni.

Fikiri, mwanamke.

Ofisa wa manowari anayeishi kwa jina la mtu mwingine. Ameficha cheo, ameficha sauti, ameficha mwendo. Miaka saba hakugunduliwa. Kitu gani hawezi kukificha?

Kwenye benchi mmoja wa wale wazee, Mzee Kajitani, alikuwa ameshaivua kofia yake na kuipangusa kwa kiganja, anajiandaa. Tamae alimtazama. Akaisikia sauti ya babu yake uani, yeye akiwa msichana mdogo mwenye kofia kubwa kuliko kichwa: Si hivyo, unafukuza inzi? Nyoosha mkono. Juu kabisa. Zungusha polepole, duara moja baada ya jingine. Na usishushe kabla ya anayeondoka kushusha. Ukishusha mapema umemzika.

Kila mtu hupunga kofia meli ikiondoka. Watu wa nchi kavu huipunga kushoto na kulia, ovyoovyo. Watu wa manowari huizungusha, na amri yake ikitoka mkono haungoji ruhusa ya kichwa. Umefundishwa hivyo tangu ukiwa kuruta, umeagana hivyo na waliokufa wote.

Wanamaji wa zamani wa Ondo Tamae aliwajua wote. Wamekaa kwenye lile benchi na medali zao. Alichokitaka ni kofia izunguke mahali ambapo hapana mwanamaji.

"Kilima, hapa Figili. Nipe Mikuriya. Upesi."

"Yuko hewani."

"Mkuu, mwambie kapteni wa Chidori atoe amri ya kofia sasa hivi. Kabla ya rasi."

"Sasa? Amri hiyo hutolewa katikati ya mlango."

"Leo itolewe mapema. Na kofia zisishuke mpaka niseme. Zisishuke, mkuu, hata mikono ikatike."

"Haya."

Chidori ilichomoza nyuma ya kilima, ndogo, ya mbao, rangi ya majivu. Meli ya kufagia mabomu haina fahari. Mabaharia walikuwa wamejipanga ukingoni. Sauti ya kapteni ikavuka maji, wazi kabisa.

"Kofia juu."

Kofia nyeupe zikapanda, zikaanza kuzunguka polepole. Hata mafundi wa injini walikuwa wameitwa sitahani kuaga, na kati yao Tamae alimtambua mmoja kwa masikio yake makubwa. Susumu. Alitaka kumwita. Badala yake aliipa meli mgongo na kuutazama umati.

Umati ulilipuka kwa vitambaa na kofia. Kushoto na kulia. Kushoto na kulia. Kule kwenye benchi wazee wamesimama, mikono imenyooka, wanazungusha, machozi yanawatoka bila haya. Tamae aliyapitisha macho ukutani, uso baada ya uso. Mwalimu, kushoto na kulia. Mwashi, kushoto na kulia. Mtu wa gazeti, anapiga picha.

"Figili, inakaribia rasi. Jibu."

Hakuna. Hakuna. Mshona viatu, kushoto na kulia.

"Figili, sauti ya Mikuriya sasa. Niizuie?"

Ndipo akaiona.

Kofia ya sufi. Kwenye ncha ya ukuta, juu kuliko zote, mkono umenyooka, inakwenda duara taratibu, duara jingine, bila haraka. Mwenye kofia alikuwa ameondoka Ondo kabisa, kwa mawazo. Uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, kijana zaidi, mtu aliyesimama kwenye sitaha.

Mjomba Numata. Mtu wa milimani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini kichwa cha Tamae kiliendelea kufanya kazi, na kiliona jambo lingine: mkono ulio juu na kofia ni wa kulia. Mkono wa ufunguo.

"Figili. Niizuie au ipite?"

Ikigeuka, ataona. Atashusha mkono. Kivuko cha wanafunzi kimefika katikati.

"Ipite," Tamae alisema. "Na kofia zibaki juu."

Chidori ikaipita rasi. Mkondo ukaishika.

Tamae alitembea. Angekimbia, angeonekana. Alipenya baina ya migongo, samahani mama, samahani babu, kapu mbele, mkono wa kulia ndani ya vitunguu. Ubavu wa meli ulikuwa ukikua pembeni mwa jicho lake. Kofia za mabaharia bado zinazunguka. Ya Numata nayo. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshafungua fundo la kitambaa mapajani, na chini ya kitambaa hapakuwa na wali.

Omo ya Chidori ikaingia pale panapobana.

Tamae aliona macho ya Numata yakirudi kutoka yalikokwenda. Aliutazama mkono wake mwenyewe huko juu kama mtu anayeshangaa ni wa nani. Kofia ikasimama. Mkono ukaanza kushuka.

Tamae akaudaka kifundoni, akaurudisha juu.

"Mjomba," alimwambia sikioni, "bado hawajashusha."

Browning ilikuwa imeshamgusa mbavu.

Numata alikuwa na nguvu, chaza si mchezo. Alivuta mara moja. Akauleta mkono wa kushoto kwenye ufunguo, akaubana, ukakataa. Kutu. Tamae alikipiga kisanduku teke la chini, waya ukang'oka, kisanduku kikaruka ukuta na kuanguka majini. Mwanamke aliyekaa jirani aligeuka.

"Chakula chake kimeanguka, maskini," alisema, akaendelea kupunga.

Chidori ilikuwa ikipita mbele yao. Karibu mno. Susumu alimwona dada yake amesimama kando ya Mjomba Numata, wameshikana mkono mmoja juu na kofia, akacheka meno yote nje.

"Mjomba," alipaza sauti, "umeanza kuipenda bahari?"

Numata alimfuata kijana kwa macho. Meli ikapita, maji yake yakaupiga ukuta na kuwalowesha viatu, ikazidi kwenda.

"Mkono uliniponyoka," Numata alisema polepole. Ile lafudhi ya Shinano ilikuwa imekwisha kama haikuwahi kuwepo.

"Nimeona."

"Niliwaaga wengi hivyo. Aprili ile niliachwa bandarini na wagonjwa na makuruta, nikaambiwa nichunge silaha. Nilisimama gatini nikazungusha kofia mpaka walipopotea. Baba yako alikuwa wa tatu kutoka mlingotini. Ndiye aliyeshusha wa mwisho."

"Ulimjua."

"Alikuwa mtu wangu."

"Na chaza ulizotuletea?"

"Zile zilikuwa za kweli, Tamae."

"Ulijua Susumu yumo ndani ya Chidori?"

Kwa mara ya kwanza mzee aliangalia pembeni. "Nilijua."

Tamae angeweza kumpiga risasi pale pale na asijute mpaka kesho. Alishusha pumzi.

"Baba yangu alikwenda na mafuta ya kwenda tu," alisema. "Wewe ukabaki na mabomu ya kuuza. Halafu ukaja kutulisha ili upate usingizi."

"Mlikuwa na njaa."

"Tulikuwa na njaa," Tamae alikubali.

Odajima alikuwa ameshafika akihema, ameshuka kilima kwa miguu yake miwili, jambo la nadra. Alimfunga Numata pingu chini ya kile kitambaa cha sanduku, kwa upole, watu wasione. Numata hakuleta ubishi. Alikuwa bado anaiangalia Chidori.

Redio ikanong'ona. "Figili, hapa Mikuriya. Ile meli ya kigeni imejaribu kukata nanga. Chombo cha doria kimeizuia, watu wetu wamo ndani. Hali yako?"

"Shakwe ametua."

"Mdogo wako?"

"Amepita."

"Kofia zishuke?"

Kofia ya sufi ilikuwa imeanguka kwenye mawe, imelowa. Tamae aliiokota, akaikung'uta. Kule mbele mabaharia walikuwa wadogo sasa, mikono ingali juu, bila shaka wanamlaani kapteni wao. Tamae alinyoosha mkono juu kabisa. Duara moja, taratibu. Jingine. La tatu.

"Zishuke," alisema, na alingoja mpaka aone zimeshuka ndipo akashusha ya kwake.

Kisha akamvalisha Numata kofia yake, akamwekea sawa masikioni kwa sababu ya baridi. Odajima akamwongoza mzee kuelekea kwenye Toyopet. Alirudi hatua mbili, akalitazama tenga la chaza lililobaki ukutani, akameza mate.

"Hizi ni ushahidi, dada?"

"Hapana. Ni chaza. Mpelekee mama."

"Nimwambieje?"

"Usimwambie kitu. Nitamwambia mimi jioni." Hakujua atamwambiaje.

Tamae aliiendea Rikuo yake. Pale kwenye benchi Mzee Kajitani alimzuia kwa fimbo.

"Binti Isozaki. Yule Numata wa chaza, kujifunza kupunga vile amejifunzia wapi? Nimemwona. Ule ni mkono wa Kikosi cha Pili."

"Ndiyo, babu."

"Haiwezekani. Kikosi cha Pili kilikwisha mwaka arobaini na tano. Nilikuwepo kilipovunjwa."

Tamae alitupa kapu la vitunguu nyuma ya kiti, akaipiga Rikuo teke la kuwasha.

"Kimekwisha leo, babu," alisema, akaondoka kufuata barabara ya pwani, upande ilikokwenda meli.